Asilimia Sitini na Nane

Kila alipotoka shule, Sindano alikuwa na ratiba yake. Alitua mkoba, akanawa miguu, akala kilichofunikwa mezani, kisha akaichukua simu ya ofisi ya maji juu ya kabati na kwenda kukaa kwenye ngazi za mlango wa mbele, pembeni ya babu yake. Jina la Sindano alipewa na watoto wa mtaani kwa wembamba wake, naye alikwisha kulizoea. Aliyemwita kwa jina la daftarini alikuwa mwalimu peke yake, tena siku akiwa na hasira.

Babu naye alikuwa na jina la kazi: Babu Bomba. Kwa miaka arobaini alifukia mabomba ya maji ya mji ule, na koki zote kubwa za kufungia maji zilikuwa chini ya barabara, mahali alipojua yeye. Michoro ya zamani ililiwa na mchwa kwenye stoo ya ofisi.

"Mchwa wale," Babu alikuwa akisema, "ndio wahandisi pekee waliousoma mchoro wote, mwanzo mpaka mwisho."

Akicheka alikohoa, na akikohoa alichukua muda mrefu kurudisha pumzi. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Ndiyo sababu ofisi ya maji ilileta ile simu. Walitaka kila koki isemwe iliko, kabla msemaji hajanyamaza.

"Haya, bosi wangu, washa," Babu alisema. Sindano akabonyeza. "Koki ya njia panda ya kiwanda cha sabuni. Simama kwenye kona ya ukuta, uso uelekee barabarani. Hesabu hatua kumi na nane. Siyo hatua za Sindano. Hatua za mtu."

"Babu!"

"Hiyo nayo imeingia? Basi iache, wajukuu zako watacheka."

Mwenye kusimamia kazi hiyo alikuwa msichana wa ofisi ya maji aliyeitwa Dada wa Kompyuta. Alihudumia ofisi za miji mitatu kwa pikipiki moja, kwa hiyo siku alipofika aliongea upesi kama mtu anayekimbizwa. Aliwaeleza kwamba maneno ya Babu hayatakaa kwenye simu. Yatapandishwa kwenye ghala la kompyuta zilizo mbali sana, ambazo watu huziita wingu. Ghala ni kubwa, lakini ofisi yao imepewa rafu moja tu. Akawafungulia ukurasa wenye mstari mrefu wa kijani. Mstari huo ulionyesha rafu imejaa kiasi gani na kikomo chake ni wapi. Chini yake palikuwa na orodha ya rekodi zote zilizokwisha kufika.

"Ikijaa inamwagika?" Babu aliuliza.

"Haimwagiki, Babu. Inakataa tu. Unaleta mzigo, unakuta mlango umefungwa."

"Bora ingemwagika," Babu alisema. "Kinachomwagika utakiona."

Dada wa Kompyuta akamgeukia Sindano. "Mdogo wangu, hii ni kazi yako. Kila Ijumaa fungua ukurasa huu, unitumie ile asilimia. Angalia na orodha: rekodi ukiiona imefika, ndipo uifute kwenye simu. Na ikifika themanini uniambie siku hiyohiyo. Kuongezewa kikomo siyo kazi ya kubonyeza mara moja. Naandika ombi, wenye ghala wanalipitia, siku tatu nne zinakwisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Usome, usikisie," Babu alidakia. "Tulikuwa na wasoma mita pale ofisini, wanasoma mita wakiwa wameshika kikombe cha chai. Nyumba iko mtaa wa pili, wao wako kwenye kibanda cha chai wanaandika: mwezi uliopita hamsini, mwezi huu hamsini na mbili. Kuna bibi mmoja alikufa, na mwaka mzima aliendelea kuoga."

Wote walicheka, na Sindano alicheka kuliko wote.

Wiki za mwanzo alisoma kweli. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja. Namba ilipanda taratibu, moja kwa kila wiki. Lakini ukurasa ule ulikuwa mzito kufunguka. Kigurudumu kilizunguka wee, huku nje wenzake wakipiga kelele, "Sindano, zamu yako ya kamba inapita!" Ijumaa moja aliitazama simu, akakitazama kigurudumu, akajiambia: Wiki iliyopita sitini na moja. Kila wiki inaongezeka moja. Sasa ningoje nini? Akaandika *62*, akatuma, akatoka mbio.

Jibu lilirudi: *Vizuri sana, mdogo wangu.*

Uongo wa kwanza ukipata asante, wa pili hauhitaji kusukumwa. Ijumaa iliyofuata aliandika *63*, tena bila kuugusa ukurasa.

Kumbe wiki ile ya sitini na mbili ndiyo wiki Babu alipobadili mtindo. "Maneno matupu hayatoshi," alisema. "Koki zilizobaki zimejificha vibaya. Twende nikakuonyeshe." Wakaanza kutoka pamoja, mara mbili kwa wiki, Babu na fimbo yake, Sindano na simu, wakipiga video. Walikwenda mwendo wa konokono, wakipumzika penye kila kivuli. Na video, tofauti na sauti tupu, ina mwili. Mbili za kwanza zilikula nafasi yote iliyobaki kwenye rafu, na mlango ukafungwa kimya kimya. Zilizofuata zilifika mlangoni zikarudishwa. Zilibaki kwenye simu mpaka nayo ikajaa, na Sindano, ili apate nafasi ya kupiga nyingine, akawa anafuta zile za nyuma. Hakuiangalia orodha. Alidhani zimefika.

*64. 65. 66. 67. 68.*

Jumatatu moja, katikati ya somo la hesabu, mwalimu alimwita Sindano nje. Alimwita kwa jina lake la daftarini, na safari hii hakuwa na hasira. Mama alikuwa amesimama getini. Alimshika mkono tu, na mkono wa mama, ambao siku zote ulikuwa na joto la jikoni, ulikuwa wa baridi.

Siku ya tano baada ya mazishi ya Babu, Dada wa Kompyuta alikuja kuhani. Aliiacha pikipiki mbali ili isipige kelele, akakaa na mama kwenye mkeka, wakazungumza taratibu. Baadaye mama alisema, "Tufungulie kidogo, mwanangu, tumsikie. Ile ya mwisho, ya Alhamisi. Walirudi wanacheka wawili hao, nikasema nitaitazama siku nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo."

Dada akatoa kompyuta yake kwenye begi. Sindano alikaa nyuma ya mama. Hakuwa na wasiwasi; hata yeye alikuwa na hamu.

Ukurasa ukafunguka. Mstari haukuwa wa kijani. Ulikuwa mwekundu toka mwanzo mpaka mwisho, na pembeni pameandikwa *100*.

Dada aliishusha orodha, akaipandisha, akaishusha tena. "Zinaishia wiki ya kwanza ya video," alisema. "Baada ya hapo hakuna kitu. Mdogo wangu, Ijumaa ulisoma ngapi?"

"Sitini na nane."

"Uliisoma wapi?"

Sindano alitazama vidole vyake vya miguu. "Labda mtandao..."

"Mtandao unaweza kukosea mara moja. Hauwezi kukosea Ijumaa saba kwa kupanga foleni, moja moja, bila kuruka."

Mama aligeuka polepole.

"Nilikuwa naongeza tu," Sindano alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko jina lake. "Naongeza moja, natuma. Sikufungua."

"Na kwenye simu?"

"Nimefuta. Nilidhani zimefika."

Dada aliichukua simu, akahangaika nayo mpaka chai yake ikapoa. Hakupata hata moja. Rekodi kumi na mbili, koki kumi na mbili, na Babu ndani yake akitembea na kucheka, zote zilikuwa zimekwenda zisikorudi.

"Na mimi nina kosa langu," Dada alisema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Ghala lilituma onyo lilipofika themanini, likatuma tena lilipojaa. Maonyo yalikwenda kwa karani aliyehama kazi mwaka jana. Nilipaswa kuibadilisha anwani. Sikuibadilisha, kwa sababu kila Ijumaa nilipata namba nzuri."

Mama hakumpiga Sindano, wala hakumkemea. Aliinuka, akaenda uani, na kwa muda mrefu walimsikia akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Sindano angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua fimbo.

Dada aliandika ombi la kuongezewa kikomo, na siku ya nne likakubaliwa. Mstari ukarudi kuwa wa kijani, mfupi, wenye nafasi tele mbele yake. Ila hapakuwa na cha kuweka.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, bomba kubwa lilipasuka mtaa wa nyuma ya shule. Maji yaliruka juu kama yana furaha, yakashuka barabarani, yakaingia dukani kwa fundi saa na nyumbani kwa mshonaji. Watu walikuwa wanatoa vitambaa na magodoro wakiyainua juu ya vichwa. Msimamizi wa mafundi alifika na majembe na watu sita, akauliza koki iko wapi. Hakuna aliyejua. Ilikuwa moja ya zile kumi na mbili.

Wakamtoa Sindano darasani. Alifika na viatu mkononi, maji yakimpiga kwenye vifundo vya miguu.

"Binti, wewe ulikuwa na mzee siku ya koki hii," msimamizi alisema. "Alisema hatua ngapi kutoka kwenye nguzo ya umeme? Sema upesi, watu wanazama."

Sindano aliiona siku ile waziwazi. Alimwona Babu akigonga lami kwa fimbo, akisimama kuvuta pumzi. Lakini namba ilipotajwa, yeye alikuwa akimtazama mbuzi aliyekuwa anakula karatasi. Mdomoni mwake palikuwa na *kumi na saba*. Ilikuja yenyewe, nyepesi, kama zilivyokuwa zikija siku zote. Watu sita wenye majembe walimtazama. Mshonaji, akiwa na cherehani begani, alimtazama. Na Dada wa Kompyuta, aliyekuja na gari la mafundi, naye alimtazama.

"Sikumbuki," Sindano alisema.

"Jaribu basi! Kumi? Ishirini?"

"Namba ninayo mdomoni, lakini si yake. Ni yangu." Machozi yalianza kumtoka. "Ninachokumbuka alipumzika hapa, kwenye ukuta wa fundi saa. Nguzo ilikuwa kushoto kwake. Akatembea kidogo kuelekea kule, akagonga chini. Zaidi ya hapo sijui."

Mmoja wa wachimbaji alisonya. "Tumeletewa shahidi wa mbuzi," alisema mwingine, maana habari ya mbuzi Sindano aliieleza pia. Lakini msimamizi hakucheka. Alitazama ukuta, akatazama nguzo, akachora duara kubwa kwa chokaa. "Afadhali duara la kweli kuliko nukta ya uongo," alisema. "Fungeni maji ya mji mzima kule kwenye tangi. Chimbeni."

Walichimba siku mbili. Mji mzima ulikuwa mkavu, na kila jioni Sindano alikwenda na ndoo kwenye gari la maji, akawapelekea wazee wa mtaa wasioweza kubeba. Alipopita na ndoo kichwani, wengine walimshukuru. Wengine walinong'ona, na aliwasikia.

Shimo la tisa lilitoa mawe matupu. Shimo la kumi, jembe liligonga chuma.

Jioni ile, mafundi walipokuwa wakifukia, Dada wa Kompyuta alimpa Sindano futikamba ashike ncha moja, yeye akavuta nyingine kutoka ukutani mpaka kwenye koki. Mama alikuwa amekuja na chai ya mafundi, akasimama karibu.

"Soma," alisema Dada.

Sindano akainama. Akasoma, akarudia kusoma. "Mita sita na sentimita arobaini." Akawasha simu, akaisema namba ile ikarekodiwa. Kisha akafungua ukurasa. Kigurudumu kikazunguka wee. Alingoja, na watu wawili wakangoja naye, mpaka rekodi ikatokea kwenye orodha na mstari wa kijani ukasogea kidogo.

Mama akaweka birika chini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sufuria, alimshika mwanawe bega.

"Mwanangu, nisikilize. Kipimo hakina kazi ya kutufurahisha. Kazi yake ni kutuambia mapema, wakati bado tunaweza kufanya jambo. Ukikitungia namba, hukumdanganya dada yako tu. Umejifunga macho na mikono mwenyewe. Ungesoma siku ile ukakuta rafu imejaa, ungesema, ombi lingeandikwa, na siku ya nne mlango ungefunguka, babu yako akiwa bado ngazini anatutania. Juzi umesema hujui, mbele ya watu wote. Lilikuwa neno chungu, lakini ndilo limetuleta kwenye koki. Neno hilo usiache kulisema."

"Nimekuelewa, mama," alisema Sindano. "Na hizo kumi na moja zilizobaki?"

"Zitachimbwa," alisema Dada. "Moja moja, tukipima."

"Na sauti yake?"

Mafundi walikuwa wanashindilia udongo kwa miguu, na kule nyumbani kwa mshonaji bomba lilikohoa, likatoa maji.

"Sauti haichimbwi," alisema mama, akaanza kumimina chai.