Pipa la Mzee Mwasomola

Saa moja asubuhi, kwenye banda la nguruwe la Katumba, Tumbo la Nje lilifungua mdomo wake wa chuma likameza kilo sitini za pumba za mahindi. Ulimi wake, kibati chembamba kisichozidi ukucha, ulionja pumba hizo kwa sekunde nne. Kisha mashine ikaanza kunguruma taratibu, na kwenye kioo chake yakatokea maneno yaleyale ya siku zote: *Niko sawa.*

"Uko sawa, nenda zako," alisema Mhandisi Sekela Mwaipopo, aliyekuwa amesimama pembeni na viatu vimejaa tope. "Mbona nguruwe hawako sawa?"

Mashine hii aliibuni mwenyewe, na ilimla miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuanza kumeng'enya chakula kabla mnyama hajakigusa. Kuku na nguruwe, kwa ulafi wao wote, hupoteza sehemu kubwa ya nafaka wanayokula. Ganda la punje lina nyuzinyuzi ambazo matumbo yao hayawezi kuzikata, na wanga na madini hubaki yamefungiwa humo hadi yanatokea upande wa pili. Kinachoweza kuzikata ni vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina aina yake ya uzi kinaoukata. Ndani ya Tumbo la Nje ulifugwa ukungu maalumu uliovitengeneza kwa kiasi kile tu ambacho ulimi umeagiza. Mnyama alikula theluthi mbili ya chakula cha zamani akanenepa vilevile.

Katika mwaka huo wa 2091 hilo halikuwa jambo dogo. Tangu mvua zilipoharibika, nafaka ilitolewa kwa mgao, na mfugaji aliyethibitika kuipoteza alifutwa kwenye orodha. Kufutwa maana yake ni kuuza mifugo na kufunga banda.

Mashamba kumi yalichaguliwa kwa majaribio. Tisa yalifaulu bila tatizo. Lililobaki ni hili la Katumba, na kamati ilikuwa inakutana Ijumaa. Shamba moja likishindwa, mashine hairuhusiwi kuuzwa popote. Sekela alikuwa amekwisha kuja mara tatu, kila mara akipiga simu kwanza kwa adabu, na kila mara alikuta banda limefagiliwa, mashine inang'aa, na Mama Tupokigwe, mwenye shamba, akimpokea kwa chai na tabasamu. Vipimo vyote vilikuwa safi isipokuwa kimoja. Kinyesi cha nguruwe kilikuwa kimejaa wanga ambao haujaguswa, na kinyesi hakijui kusema uongo.

Safari hii hakupiga simu.

Ndiyo maana aliuona moshi. Ulitoka nyuma ya banda, mzito, wa kuni mbichi. Sekela alizunguka akamkuta Mzee Mwasomola, mume wa Mama Tupokigwe, amesimama mbele ya pipa lililokatwa nusu. Ndani ya pipa chakula kilikuwa kinatokota. Kilikuwa chakula cha jana, kilichotoka kwenye Tumbo la Nje kikiwa na vimeng'enya vyake vyote.

"Mungu wangu," alisema Sekela. "Mnakipika!"

"Shikamoo kwanza," alisema mzee bila kugeuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa je, nguruwe wale kibichi? Mimi si mvivu."

Sekela alihisi kichwa kinamgonga. Alikuwa amewaeleza mara tatu. Alikuwa amebandika maelekezo ukutani yenye picha ya moto uliopigwa alama nyekundu ya X. Vimeng'enya vikipashwa moto hadi kuchemka huharibika, kama yai likishakaangwa halirudi tena kuwa bichi. Miaka kumi na mmoja ya kazi yake ilikuwa inachemshwa kila asubuhi, na mpishi alikuwa anaionja chumvi.

Alimfuata Mama Tupokigwe jikoni, na chai safari hii aliikataa.

"Mama, nilisema msipike. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mwanangu."

"Mlinielewa?"

"Vizuri kabisa. Mimi siyo kiziwi."

"Sasa mnanifanyia nini? Ijumaa napeleka ripoti. Nikiandika kwamba mmekiuka masharti, mnafutwa kwenye mgao. Nisipoandika, mashine inaonekana haifai. Mama, nguruwe arobaini! Hivi huna uchungu nao?"

Mama Tupokigwe aliweka birika chini. Tabasamu la wageni lilikuwa limemtoka.

"Ulipoleta mashine nilimwambia aache. Aliacha wiki tatu. Wiki ya kwanza alikaa tu pale kwenye benchi. Ya pili akaanza kuniita kwa jina la dada yake, aliyekufa zamani. Ya tatu alitoka akapotea, tukamkuta njia ya Kiwira, amevaa kiatu kimoja. Kichwa chake kinamtoka kidogokidogo, mwanangu, tunajua, daktari ametuambia. Jina langu analisahau siku nyingine. Ila lile pipa hajalisahau hata siku moja. Anaamka, anapasua kuni, anakoroga, anagombana na nguruwe. Mpaka mchana ni mume wangu. Sasa niambie wewe msomi, ningezima lipi, Tumbo lako au pipa lake?"

"Ungeniambia."

"Ungefanyaje? Karatasi yako ina mahali pa kuandika hilo?"

Haikuwa napo. Sekela aliitengeneza karatasi ile mwenyewe, kurasa kumi na nne, ikauliza uzito wa nguruwe, joto la banda, unyevu wa pumba, na hata rangi ya maji. Alikasirika tena, na safari hii hakuona wa kumgombeza. Angeweza kuwaambia wapike kwanza, kisha chakula kikipoa kiingie kwenye mashine. Kisayansi haikuwa na ubaya wowote. Lakini mdomo wa Tumbo la Nje ulipokea pumba kavu tu. Uji ungeziba ulimi na kuua ukungu siku hiyohiyo. Aliubuni hivyo kwa sababu pumba kavu ni rahisi kupima, na kwa sababu alipokuwa akiuchora mezani kwake mjini hakuna aliyemwambia kwamba huku watu huwapikia nguruwe.

Alirudi nyuma ya banda na kipimajoto mkononi.

"Mzee, ukishaipua, unajuaje kwamba kimepoa vya kutosha?"

Mzee Mwasomola alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi na mwenzake aliyesimama mtoni.

"Mkono," alisema. "Unaingiza mkono, unataja watoto wako wote, mkubwa hadi mdogo. Ukishindwa kumaliza, bado kinaunguza. Ukimaliza bila haraka, wape."

Kuni alikuwa amekwisha kuzivuta, na chakula cha kwanza alichokwisha kukipakua kwenye karai kilikuwa kinapoa tangu Sekela alipokuwa jikoni. Mzee alikunja mkono wa shati, akazamisha kiganja kwenye karai hadi kifundo.

"Ambokile," alisema. "Sekile. Bupe. Lwitiko. Atupakisye." Alikoroga uji kwa vidole akitafuta jina, na Mama Tupokigwe, aliyekuwa amefika nyuma yao, akashika khanga yake kifuani. "Gwamaka. Na yule kichwa ngumu, Tumpe."

Wote saba. Kipimajoto cha Sekela kilisoma nyuzi arobaini na nane, joto ambalo vimeng'enya vyake hulipenda kuliko yote.

Aliondoka akasimama peke yake kwenye kona ya banda, akampigia simu Dakta Ambakisye, mkuu wake.

"Niambie umepata kosa," alisema mkuu kabla ya salamu.

"Nimepata. Liko kwenye mashine. Haina mahali pa kumwagia uji."

"Uji? Sekela, nani kakuagiza uji? Ijumaa ni keshokutwa!"

"Nahitaji miezi sita nibadilishe mdomo."

"Wakati huo hawatatupa tena nafasi, unajua. Miaka kumi na mmoja! Andika tu kwamba wafugaji wamekiuka masharti. Si ni kweli?"

"Ni kweli. Siandiki."

Alimsikia mkuu akivuta pumzi na kuishusha kwa hasira. "Na kamati niiambie nini?"

"Waambie mhandisi hakuuliza nani alikuwa anapika."

"Upuuzi gani huu? Mashamba tisa yamefaulu. Huko hakuna aliyelalamika."

Sekela alitazama moshi unavyopungua. Alikumbuka shamba la kwanza, alikopigwa picha na nguruwe wanene. Nyuma ya picha ile, kwenye kizingiti cha nyumba, kulikuwa na bibi mmoja amekaa, mikono mapajani, asubuhi yote. Sekela alimwomba asogee kidogo ili picha itoke vizuri.

"Huko nako sikuuliza," alisema.