Vipande Vilivyotolewa Majini

Naapa kwa meno yangu machache yaliyobaki: haya yote ni kweli tupu, hata alama zake za mkato.

Walikutana kwenye foleni ya vifurushi, watu wamebanana. Mtafiti alivaa gauni la kijani. Fundi majokofu, shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Kifurushi cha mtafiti kikaanguka, fundi akakiwahi.

"Humu kuna nini, dada? Hewa?"

"Vipande vya plastiki. Vina vijia vyembamba kuliko unywele, natenganishia protini za damu."

"Basi nitenganishe na mimi na upweke."

Akacheka hadi karani akawakaripia.

Miezi sita simu zao hazikupoa.

"Umelala, mpenzi?"

"Nilale wapi! Protini zinang'ang'ania kuta za vijia kama shangazi aliyekuja kusalimia tu."

Miaka miwili alitafuta namna ya kuzifanya kuta zile zipende maji, protini ziteleze. Hatimaye akaipata. Vipande kumi na viwili vikakaa kwenye beseni la maji, vikingoja Jumatatu, wakubwa waje waamue kama kazi yake iendelee.

Ijumaa fundi alikuja kutengeneza jokofu la maabara, mtafiti mwenyewe yuko mkutanini. Akaona vitu vya mpenzi wake vimeloa! Kwa fundi majokofu, maji yaliyotuama ni hasara. Akavifuta kimoja kimoja kwa leso yake, akavipanga kwenye kisanduku chenye utepe mwekundu, akaenda navyo ili amshangaze Jumatatu.

Jumatatu asubuhi, aliporudi kumalizia jokofu, ndipo aliposoma karatasi juu ya beseni: VISIKAUKE. Jasho likamtoka. Akavitumbukiza majini, akajikausha.

Lakini plastiki ilikwisha kurudia tabia yake ya kukataa maji. Mbele ya wakubwa, protini zikaganda kwenye kuta.

"Njia yangu ni mbovu," mtafiti alilia kwenye simu. "Au kuna mtu alivigusa?"

Fundi akajibu: "Hakuna, kipenzi."

Mtafiti akamwamini. Akachana daftari la miaka miwili, akaacha kazi.

Mwezi mmoja baadaye fundi alikiri, magoti chini, mlangoni kwake.

"Kuvifuta ningekusamehe kabla chai haijapoa," mtafiti alisema. "Ila mwezi mzima umenifuta machozi, ukijua njia yangu si mbovu."

Akafunga mlango.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba aliufungua tena, wakaoana. Mke wangu akachungulia begani kwangu.

"Mzee muongo wewe! Dada yangu kaufungua lini?"

Nimeichana harusi. Na vyombo, wiki nzima, naosha mimi.