Tangi la Chumba cha Nyuma

Mjomba wangu hana dogo. Ukimwambia meza imekaa sawa, atatoa pimamaji kwenye begi lake aihakikishe, na ikiwa imeinama kidogo, basi chai hainyweki mpaka mguu utiwe kikaratasi. Ndiyo maana hata sisi wa nyumbani tunamwita Pimamaji. Kazi yake ni kutengeneza matangi ya samaki, yale makubwa ya vioo, na kuyafunga majumbani mwa watu. Haya yalimpata yeye. Aliyasimulia mara moja tu, tena baada ya kubembelezwa sana, nami nayatoa vilevile alivyoyatoa.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua la wastani na upepo kidogo. Aliitwa kwa mama mmoja mshonaji wa mapazia, ambaye mumewe alifanya kazi mbali na kurudi mara mojamoja. Mama huyo aliishi na mama mkwe wake na binti yake wa miaka mitano, ambaye kila mtu alimwita Kasuku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Mama alitaka tangi la maji ya chumvi, la urefu wa mita moja na nusu. Swali lake lilikuwa moja tu: liwekwe chumba gani.

Pimamaji alifurahi kuulizwa, maana wengi hununua tangi kwanza, halafu ndiyo wanaanza kuhangaika pa kuliweka. Akazunguka na futi yake, Kasuku akimfuata nyuma na maswali mia. Sebule akaikataa: dirisha kubwa, jua linaingia mpaka ukutani.

"Wiki tatu tu, dada, kioo kitakuwa kijani kitupu. Hutaona hata jiwe."

Jikoni kuna mvuke wa mafuta. Chumba cha kushonea kina vumbi la nyuzi. Chumba cha Kasuku kilikuwa na sakafu ya mbao, na alipoikanyaga kwa kisigino ikalia. Tangi likijaa ni nusu tani, na nusu tani haiwekwi juu ya kitu kinacholia.

"Na hiki?" akauliza. Walikuwa mwisho wa korido, mbele ya mlango uliofungwa.

"Hicho kiacheni," mama mkwe alisema taratibu.

Mshonaji alitoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni, akafungua.

Chumba kilikuwa kitupu na kisafi, kimepakwa rangi upya. Sakafu ya zege. Kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo jua haliingii kabisa. Soketi iko mahali pake. Mjomba alilaza pimamaji chini, na lile povu likasimama katikati, halikutikisika. Akacheka peke yake. Miaka yote ya kazi hajawahi kukuta sakafu iliyonyooka namna ile. Aliona pia alama nne za miguu ya kitanda kwenye zege, kitanda kifupi, lakini hakuuliza. Fundi haulizi nani alilala wapi. Anauliza sakafu inabeba kilo ngapi.

"Hapa ndipo," akasema. "Hakuna chumba kingine."

Mama mkwe aligeuka akaenda zake.

Alhamisi akaja kujaza maji. Sasa hapa ndipo mjomba alipokosea, na mwenyewe anakiri bila kuzungukazunguka. Maji ya tangi la chumvi hayachotwi ufukweni. Fundi huchukua maji yaliyochujwa, akayachanganya na chumvi yake siku moja kabla, akayapima, ndipo akayamimina. Mapipa yake yalikuwa tayari, ila moja lilivuja njiani. Zikapungua lita ishirini. Kurudi mjini ilikuwa safari ya saa mbili, naye alikuwa hoi.

"Ninalo dumu moja," mshonaji akamwambia. "Ni la baharini. Nilichota mwenyewe, mwaka jana."

Maji ya mwaka mzima kwenye dumu yanapaswa kunuka mpaka mtu azibe pua. Mjomba alifungua kifuniko akanusa. Hakuna harufu. Maji yalikuwa meupe, kama yamechotwa asubuhi hiyo. Akatia kipimo chake cha chumvi, kikaonyesha kiwango kilekile anachokitaka. Akajisemea, lita ishirini kati ya mia nne, zitafanya nini? Akayamimina.

Kisha akabandika utepe mwekundu kwenye kioo, usawa wa maji. Akamweleza mama kwamba kila siku maji yatashuka kidogo kwa kukauka, na kwamba hapo anaongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi yenyewe haikauki ikaondoka, inabaki. Samaki wasitiwe kwanza. Mawe na maji tu, kwa wiki nne, mpaka tangi likomae.

Siku ya tano simu ikalia.

"Fundi," sauti ya mshonaji ilikuwa ya chini sana, "maji hayashuki. Yanapanda."

Alikwenda akiwa amenuna. Alijua ni wale wateja wanaojaza maji kwa ndoo halafu wanajifanya hamnazo. Alipofika, maji yalikuwa chini ya utepe, kama inavyotakiwa.

"Subiri saa kumi," mama akasema.

Wakakaa. Kasuku alikaa sakafuni mbele ya tangi, kimya. Mjomba aliona hilo kuwa jambo geni. Saa kumi ikafika. Pampu ilikuwa ikinguruma kidogo. Juu ya maji hakukuwa na hata kiwimbi.

Maji yakapanda.

Yalipanda polepole, yakaupita utepe, yakasimama. Ndani kulikuwa na mawe. Mawe tu. Fundi ni fundi, mkono wa mjomba ukaenda wenyewe kwenye futi. Sentimita mbili na pointi mbili. Kwa tangi lile, kila sentimita ni lita saba na nusu. Akapiga hesabu kwa sauti ya kunong'ona, bila kufikiri anayasema mbele ya nani.

"Lita kumi na sita na nusu. Ni kama kuna kitu cha kilo kumi na sita na nusu kimeingia humu."

Mshonaji akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtiririka, na chini ya kile kiganja alikuwa anatabasamu.

"Ndiyo uzito wake," akasema. "Kliniki ya mwisho. Kumi na sita na nusu."

Ndipo akamweleza. Kasuku alikuwa na pacha wake wa kiume. Walikwenda baharini wakiwa na miaka minne. Maji yalikuwa ya magotini. Mama aligeuka kuchukua taulo, akageuka tena, mtoto hayupo. Watu walitafuta mpaka giza likaingia, na siku zilizofuata pia. Hakupatikana.

"Sikuweza kurudi nyumbani mikono mitupu," mama akasema. "Nikachota pale pale aliposimama."

Mjomba alimwomba ruhusa ayamwage yale maji sasa hivi, na tangi angelichukua bila kudai chochote. Mama akamshika mkono.

"Nipe mpaka kesho tu, kaka. Ndiyo kwanza amerudi."

Huruma ikamshinda. Akaondoka. Anasema usiku ule hakupata lepe la usingizi, na kila alipofumba macho alimwona yule binti mwenye mdomo, amekaa kimya sakafuni.

Kesho yake alasiri alirudi na mpira wa kunyonyea maji. Alikuwa hana mpango wa kuomba ruhusa tena. Mama mkwe alimngoja getini.

"Mwanangu, kayatoe," alimwambia akimshika kiwiko. "Mjukuu wangu siku ya tatu hii hasemi neno. Nikimsuka, nywele zake zinanuka bahari."

"Yuko wapi sasa?"

"Nimemlaza chumbani kwake."

Mjomba alisukuma mlango wa chumba cha Kasuku. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limesukumwa miguuni. Alitazama uvunguni. Alitazama nyuma ya mlango. Akatazama saa yake. Saa kumi na dakika mbili.

Akakimbia.

Mshonaji alikuwa amesimama mbele ya tangi, paji la uso limegusa kioo. Maji yalikuwa yameshapita utepe. Sentimita mbili. Mbili na pointi mbili. Hapo ndipo yaliposimama jana.

Leo hayakusimama.

Yalipanda tena. Tatu. Nne. Yakatulia karibu na ukingo wa kioo. Ndani, mawe. Nyuma ya mawe, ukuta. Hakuna kingine.

Mjomba hakuhitaji futi.

"Dada," akanong'ona. "Kasuku ana kilo ngapi?"

Mama hakugeuka. "Wanacheza tu. Niache niwasikie."

"Ana kilo ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi yumo. Wote wawili wamo. Huyo mmoja amezoea, dada. Huyu wa pili anahitaji kupumua."

Anasema hajawahi kuona uso wa mtu ukivunjika vile. Mpira aliokuja nao ungechukua nusu saa kuyatoa maji yale, na wote wawili walilijua hilo. Mama alipiga magoti kwenye begi la mjomba, akatoka na nyundo. Aliweka kiganja kwenye kioo, chini kidogo, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne.

"Nisamehe, baba," akamwambia. "Nisamehe mwanangu."

Akapiga. La kwanza, kioo kikachora mistari. La pili, nusu tani ikashuka sakafuni kwa kishindo, maji yakawapiga magotini na kutoka koridoni. Mawe yakabingirika. Na katikati ya mawe, mahali ambapo hapakuwa na kitu, Kasuku alikuwa amelala kifudifudi, gauni limemganda mwilini.

Mjomba alimgeuza, akampiga mgongoni, akampiga tena. Mtoto akakohoa. Akatapika maji ya chumvi, mengi kuliko tumbo lile linavyoweza kubeba. Halafu akalia, na bibi yake pale mlangoni naye akalia. Mama aliketi kwenye maji na vioo, miguu inamtoka damu, akimkumbatia binti yake na kutazama kule tangi lilipokuwa. Hospitali walisema mapafu yako salama. Baada ya wiki Kasuku alikuwa anaongea mpaka anawachosha watu.

Mjomba aliacha kufunga matangi ya maji ya chumvi. Siku hizi ni ya maji baridi tu, na mteja akisisitiza humwelekeza kwingine.

Ilipita miezi mitatu. Mchana mmoja alikuwa karakanani akikata kioo, simu ikalia. Mshonaji. Sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida la nyumbani.

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Chumvi ya baharini ikikaukia kwenye shuka, inatoka kwa maji gani?"

"Ya baridi," mjomba akajibu kwa mazoea. "Suuza mara mbili." Kisha mkono wake ukaachia kile kioo. "Shuka gani, dada?"

"Ilianza upande wa ukutani. Nikiamka asubuhi nakuta upande ule umekakamaa, mweupe. Nilikuwa nafua bibi asione. Lakini sasa imefika katikati ya godoro."

Mjomba aliketi chini, palepale kwenye vumbi la kioo.

"Nisikilize vizuri," akamwambia. "Usimlaze mtoto kwenye kitanda kile tena. Hata leo. Mhamishie kwako, alale na wewe."

Alisikia mama akivuta pumzi.

"Kasuku hajambo, fundi, shuka lake ni kavu," akasema. "Hilo ninalokuuliza ni langu."