Cherehani ya Zuhura na Ugomvi wa Majirani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Zuhura, mama yake Asha, aliishi kijijini Mahurunga, kando ya kijito, katikati ya majirani wawili wasiosalimiana. Upande wake alikaa Saidi. Ng'ambo ya kijito alikaa Bakari. Zamani wawili hao walikula futari sinia moja. Kisha mbuzi wa Bakari akatafuna kofia mpya ya Saidi, tena kofia ya Idi.

Saidi alitaka alipwe kofia. Bakari akamjibu kwamba kofia hiyo imemwumiza mbuzi tumbo, kwa hiyo wa kulipwa ni yeye. Saidi akaziba njia kwa miba. Bakari akang'oa magogo ya daraja walilojenga pamoja. Kila mmoja alilala ameridhika.

Zuhura hakuwa na mbuzi wala kofia. Alikuwa na mpunga bondeni, ng'ambo ya kijito, mbele ya shamba la Bakari, na mgongo uliochoka kuinama. Alitaka cherehani ashone sare za shule, naye afanye kazi amekaa kitini. Akaenda kwa Hamisi, mwenye duka.

"Bwana Hamisi, nikopeshe cherehani ile. Nitakulipa nikivuna."

Hamisi akakuna kichwa. Zuhura alikuwa hajapata kumdhulumu hata kibiriti.

"Mama Asha, wewe sina shaka nawe. Lakini mpunga utapita wapi? Daraja hakuna, njia ina miba. Mikono mitupu utazunguka, ila na magunia? Basi nilipe nusu sasa hivi, na bei niiongeze kidogo."

"Kwani mimi nimegombana na nani?"

"Hujagombana na mtu. Umekaa katikati tu."

Zuhura alifura kwa hasira. Alasiri alifika darasa la watu wazima amenuna, akamweleza yote mwalimu wao, Modesta.

"Pole, mama," alisema Modesta. "Yaliyokupata wewe huzipata hata nchi."

"Nchi nazo hukopa cherehani?"

Darasa likaangua kicheko. Modesta naye akacheka.

"Hukopa fedha za reli na bandari. Anayekopesha huuliza kwanza: huyu ataweza kulipa? Sasa Kenya, Uganda na Tanzania zina reli na bandari za pamoja, hata hii yetu ya Mtwara imo. Mzigo wa mmoja hupita kwa mwenzake. Wawili wakigombana, mpaka ukafungwa, mkopeshaji huingiwa na hofu. Anaweza kumhofia hata yule wa tatu aliyekaa kimya. Pengine atamnyima. Pengine atampa kwa riba kubwa."

"Riba ndiyo ile nyongeza ya Hamisi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Sasa huyo wa tatu afanyeje?"

"Asikae kimya. Awapatanishe jirani zake, maana hasara ni yake pia. Tena mkopeshaji aione njia imefunguka kwa macho yake. Maneno matupu hayamtoshi."

Zuhura alikuwa Mmakua. Saidi na Bakari walikuwa Wamakonde. Hao ni watani, na mtani msibani hufanya apendavyo, wala hakasirikiwi. Asubuhi Zuhura alikamata jogoo wa Saidi, akamchinjisha, akambandika motoni penye daraja lililong'olewa. Akajifunga kaniki ya msiba, akaanza kulia.

"Uwiii! Ujirani umekufa! Umeuawa na mbuzi!"

Kijiji kikakusanyika. Saidi akaja mbio.

"Mtani! Jogoo wangu huyo!"

"Jogoo wa matanga. Wewe ndiye mfiwa, keti upewe pole."

Saidi alitaka kufoka, lakini kicheko kilimshinda, akaketi. Mchuzi ukaiva. Ng'ambo, Bakari alikuwa amesimama ananusa.

"Mtani, na mimi ni mfiwa! Nipite wapi?"

"Pita hapo ulipong'oa."

"Nikizunguka nitakuta mifupa!"

"Basi usizunguke."

Bakari akaenda kuleta magogo. Gogo la kwanza lilimshinda uzito. Saidi alimtazama akihangaika, akaguna, akashika upande wa pili. Walipomaliza, Zuhura aliufunika mchuzi.

"Bado miba," alisema.

Wakaiondoa wote wawili, mbio mbio, kabla nyama haijapoa. Ndipo wakala sinia moja, na Zuhura akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Hamisi alikuja mwenyewe kukagua. Alivuka daraja, akarudi, akarukaruka juu yake kidogo. Kisha akakubali kutoa cherehani kwa bei ya kwanza, malipo baada ya mavuno.

Saidi na Bakari wakaenda dukani na Zuhura kuibeba. Mlangoni wakaanza kelele.

"Nabeba mimi!"

"Wewe utaiangusha!"

Hamisi akaikumbatia cherehani yake. "Mama Asha! Wameanza tena!"

"Waache wapige kelele, Bwana Hamisi," alisema Zuhura. "Wewe tazama daraja, usitazame midomo."

Hamisi akachungulia nje. Watu walikuwa wanapita darajani na mizigo yao kichwani. Akaiachia.