Nani Atamzika Mama?

Mama Pacha alikuwa mfumaji wa sweta za shule. Mashine yake ya kufuma ilikaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kitanda cha mama yake. Kila asubuhi aliwapeleka pacha wake shule, akamwosha mama, akamlisha uji. Kisha akakaa kwenye mashine.

"Hiyo shingo umeibana," mama alisema siku moja kutoka kitandani. "Mtoto atapitisha kichwa au ndimu?"

"Mama, umelala huko. Shingo umeionaje?"

"Nimelala mwili. Macho yako kazini."

Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Kwa miaka arobaini aliimba kwaya katika kanisa la zamani, lile la matofali mekundu. Alipougua, wenzake walikuja wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hawakuonekana tena. Waliokuja ni akina mama wa kanisa jipya, lile la mabati karibu na gereji. Walimfulia mashuka. Walimgeuza kitandani. Waliomba naye. Basi mama akaanza kusali kwao, akisukumwa kwa kiti cha magurudumu.

Makanisa yote mawili yalikuwa ya Kiprotestanti, lakini hayakuiva chungu kimoja. La zamani lilibatiza watoto wachanga kwa maji kidogo kichwani. Jipya lilibatiza watu wazima tu, kwa kuwazamisha majini. Mchungaji wa kanisa jipya alimtaka mama abatizwe upya.

"Nilishabatizwa," mama alimjibu. "Mungu si msahaulifu."

Kaka yake Mama Pacha alikuwa katibu wa kanisa la zamani. Wote walimwita Katibu, hata nyumbani.

"Mama ananitia aibu mbele ya wazee wa kanisa," alisema. Akaacha kuja. Mwaka mzima hakukanyaga pale.

Mama alifariki siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Uji ulikuwa bado wa moto.

Mama Pacha alijifunga kanga kiunoni, akaenda kanisa la zamani. Mchungaji alimpa pole. Halafu akafungua faili, akamwonyesha barua.

"Jina la mama yako lilifutwa," alisema. "Alituacha. Hatuwezi kumzika mtu wa kanisa lingine."

Mama Pacha aliitazama sahihi iliyokuwa chini ya barua. Ilikuwa ya kaka yake. Akamrudishia mchungaji barua, akatoka.

Alienda kanisa jipya. Mchungaji wa huko naye alimpa pole.

"Lakini mama hakukubali kubatizwa," alisema. "Hakuwa mshirika wetu kamili. Nikimzika, wengine watasema ubatizo si kitu."

"Mlikuwa mnakuja kuomba naye!"

"Kuomba naye, ndiyo. Kumzika ni jambo lingine."

Akiwa barabarani alimpigia simu kaka yake.

"Kaka, mama amefariki. Njoo tumzike."

Mama Pacha alimsikia akifunga mlango.

"Dada, nikija nitavuliwa ukatibu," alisema.

"Basi baki na ukatibu wako."

Alikata simu. Akaenda kwa fundi wa majeneza, maana jeneza lilikuwa la lazima, azikwe na nani au asizikwe na nani.

Fundi huyo aliwahi kupelekwa chuo cha uchungaji. Alisoma miaka miwili, akaondoka kwa sababu alikuwa na maswali mengi kuliko walimu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Nusu Mchungaji. Alimsikiliza Mama Pacha mpaka mwisho, randa ikiwa mkononi.

"Sasa, fundi, mama yangu atazikwa kama mzoga?"

"Nani kakwambia mchungaji ndiye anayefungua mlango wa mbinguni?"

"Si ndivyo tunavyojua?"

"Ndivyo mnavyojua, na ndiyo maana wanawasumbua. Kaa. Si hapo, hapo pana gundi."

Mama Pacha akakaa kwenye gogo.

"Miaka mia tano iliyopita, huko Ulaya, watu waliuziwa vyeti vya kufutiwa adhabu ya dhambi," fundi alisema. "Mtawa mmoja, mwalimu wa chuo, akapinga. Alisema msamaha ni zawadi ya Mungu, hauuzwi. Alisema kila mwamini anaweza kumwendea Mungu mwenyewe, na kila mtu asome Maandiko kwa lugha yake. Baadaye watawala waliomuunga mkono walitoa tamko la kupinga. Jina la Waprotestanti limetoka hapo."

"Kumbe sisi ni watu wa kupinga?"

"Tulianza kwa kupinga. Tukanogewa." Fundi hakucheka. "Haikupita miaka kumi na tano, viongozi wao wakagombana juu ya mkate na divai ya meza ya Bwana. Wengine walibatizwa upya ukubwani. Wakakamatwa. Wapo waliozamishwa mtoni mpaka wakafa. Na waliowazamisha ni Waprotestanti wenzao."

"Kwa sababu ya ubatizo?"

"Kwa sababu ya maji, mwanangu. Mama yako wamemnyima wimbo tu."

Mama Pacha alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hakuna jema walilofanya?"

"Lipo kubwa. Ukitaka watu wasome Maandiko, lazima ufungue shule. Wakafungua shule na hospitali. Wakaandika lugha ambazo hazikuwa zimeandikwa. Lakini wamisionari wengi walikuja bega kwa bega na watawala waliotwaa ardhi za watu. Tena mara nyingi waligawana maeneo. Ninyi bonde hili, sisi mlima ule. Babu zetu wengi hawakuchagua dhehebu, walipata lililowafikia kwanza. Leo kaka yako anamfuta mama yake kwa ajili ya mpaka uliochorwa na wageni."

"Na huko mbele itakuwaje?"

"Siku hizi Waprotestanti wengi hawako Ulaya. Kule makanisa kadhaa yamegeuzwa maktaba na nyumba za kupanga. Huku kwetu yanafunguliwa mapya kila mwaka. Kwa hiyo kesho ya dini hii iko mikononi mwetu. Shule tunaweza kujenga. Kuzamishana pia tunaweza." Fundi alichukua futi yake ya kupimia mbao. "Sasa sikiliza. Kwa Waprotestanti, mazishi si sakramenti. Hayamwokoi marehemu, wala hayampotezi. Mwamini yeyote anaweza kusoma na kuomba kaburini. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo, kibali cha kuzika, na nafasi kwenye makaburi ya umma. Hivyo vinatoka serikalini, si kanisani. Kusoma unajua?"

"Najua."

"Basi utamzika wewe."

Ijumaa Mama Pacha alishughulikia vibali. Jumamosi saa tatu asubuhi alisimama kando ya kaburi, pacha wake wamemshika nguo. Alidhani watakuwa watu watano. Akina mama wa kanisa la mabati wakaja, ingawa mchungaji wao alikuwa amewakataza. Wanakwaya wa kanisa la zamani nao wakaja bila joho. Walisimama mbalimbali, hawakusalimiana.

Mama Pacha alisoma Maandiko. Hakuruka neno. Aliomba kwa maneno ya nyumbani tu. Alipomaliza, wanakwaya walianza wimbo. Hawakuwa na sauti ya pili, maana wa sauti ya pili ndiye waliyekuwa wanamzika. Mwanamke mmoja wa kanisa la mabati akaidaka. Wakaimba pamoja mpaka kaburi likajaa.

Katibu alifika wakati watu wanakung'uta viatu. Alikuwa amevaa suti.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza."

"Nipeni koleo basi, hata mara moja."

Nusu Mchungaji alimpa koleo. Katibu alitazama huku na huku. Hakukuwa na udongo uliobaki.

Baada ya mwezi mmoja, akina mama wa makanisa hayo mawili waliunda kamati ya mazishi ya mtaa. Fundi aliwafundisha watu sita namna ya kuongoza ibada ya kaburini na kufuatilia vibali. Wakaandika makubaliano kwamba hakuna marehemu wa mtaa atakayekataliwa kwa sababu ya dhehebu. Mchungaji wa kanisa jipya alitia sahihi baada ya waumini wake kumsusia. Wa kanisa la zamani bado anasema anayatafakari. Lakini tangu siku hiyo kamati imezika watu wanane, na hakuna aliyelala mochari akisubiri wakubwa wapatane.

Siku moja mchana Katibu alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mama Pacha hakusimamisha mashine.

"Dada," alisema, "mama aliwahi kuniulizia?"

"Kila siku."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia una kazi nyingi kanisani."