Mlakasa wa Wafa

Kila asubuhi, kabla mitaa ya Kariakoo haijajaa mikokoteni, Wafa alikuwa ameshapanda juu ya paa la ghorofa yao. Hakuweza kutulia. Mwalimu Tatu alimpa kila mwanafunzi kipande cha mlakasa, ua la zambarau linalotambaa kwenye mchanga wa pwani, waone kama litavuta nyuki mjini. Cha Wafa kilikuwa kwenye ndoo ya udongo, na kilikuwa kinanyauka. Kadiri kilivyonyauka, ndivyo alivyozidi kukimwagilia.

Wiki ile maji ya bomba yakakatika. Mama akamkataza kugusa maji ya ndani. Wafa akafungua tangi la jirani, Mama Paras, lililokuwa palepale juu ya paa, akachota jagi moja. Jioni akachota tena. Kesho yake akachota bila kuhesabu.

Mchana kelele zikasikika ngazini.

"Bushiri! Tangi langu limekauka! Unayeshika ufunguo wa paa ni wewe. Maji umemuuzia nani?"

"Wallahi, mama, sijagusa hata tone," alijibu Bushiri, mlinzi.

"Basi mwenye nyumba atatafuta mlinzi mwingine!"

Wafa akajifungia chumbani. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Bushiri ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango wa paa kila siku. Mwishowe akatoka mbio, akabisha kwa Mama Paras.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo?"

"Maji nimechukua mimi. Ua langu linakufa."

Mama Paras akavaa ndala. "Twende ukanionyeshe."

Juu ya paa alitia kidole ndooni. Kikatoka na tope linalonuka.

"Umelizamisha, mwanangu! Ua hili kule ufukweni humwagiliwa na nani?"

Kisha wote wawili wakashuka kumwomba radhi Bushiri. Bushiri akasema, "Yamekwisha," akaenda kuwatafutia mchanga. Wakapanda kijiti kilichosalia. Maji yaliporudi, Wafa alilijaza tangi la jirani kwa ndoo, mikono ikimuuma.

Kungoja kulimtesa kuliko ndoo. Lakini asubuhi moja ua la zambarau lilifunguka, na nyuki akazama ndani yake, akatoka na unga mgongoni. Wafa alipiga kelele hadi majirani wakapanda.

Mama Paras akamshika bega. "Ua lilitaka subira, ukaliharakisha. Ukweli ulitaka haraka, ukauchelewesha, na Bushiri nusura akose kazi. Ua litakungoja, Wafa. Ukweli usiulaze."