Mstari wa Mwisho Kwenye Faili

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta, mchana kweupe. Mkuu wake, ndugu wa mkewe, alimwambia, "Shemeji, mashine ya marehemu tulishaing'oa. Ifute kwenye faili la mipangilio."

"Nitaifuta."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilikuwa nakudanganya."

Chumba cha seva hakikuwa na dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Feni zilivuma gizani. Faili lile lilitaja mashine ambazo seva ilipokea na kuhifadhi ujumbe wake; ujumbe wa mashine isiyotajwa ulikataliwa. Mashine ya marehemu mkewe, fundi mwenzake, ilikuwa kwenye mstari wa mwisho. Alikaa kitako akiutazama mstari ule, amechoka uchovu usioondolewa na kulala. Hatimaye akaufuta, akawasha huduma upya, akatuma ujumbe wa kupima: "Jaribio." Ukafika.

Chini yake ukafika mwingine, kutoka mashine iliyofutwa: "Umekula?"

Mkewe hakuwahi kuandika "Jaribio." Kila alipopima mitambo, alimwandikia, "Umekula?"

Tumbo lake lilikuwa tupu tangu asubuhi. Akajibu, "Nimekula."

Ng'ambo ya ukuta, katika chumba alichofanyia kazi mkewe, ambacho hata meza ilikwisha kuondolewa, vitufe vikaanza kugongwa polepole.